Gari Dogo la Umeme Linapogoma Baada ya Kusafishwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa na mwalimu

  Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya sita, nami nitangoja kidogo: betri, volti, waya, chanya, hasi, chaja.

Vizuri. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili. Ikiwa neno moja lakushinda, usione haya, tutalitumia mara nyingi na mwisho wa somo litakuwa rafiki yako.

Leo twazungumza juu ya kazi ambayo baadhi yenu mwaifanya kila siku, na wengine mwaiona mkipita: kazi ya kutunza yale magari madogo ya umeme yanayoitwa magari ya gofu. Magari haya yalianza kuenea Marekani katika miaka ya 1950, kwa ajili ya wachezaji wa gofu waliochoka kutembea na mifuko yao. Lakini siku hizi hayako katika viwanja vya gofu tu. Utayaona katika hoteli za pwani yakibeba wageni na mizigo yao, na katika viwanja vya ndege yakichukua wazee na wagonjwa. Yako yanayotumia petroli, lakini leo tutasema juu ya yale ya umeme peke yake.

Tena leo hatusemi juu ya gari lililoharibika njiani. Twasema juu ya jambo linalomtia fundi jasho zaidi: gari lililokuja kwa miguu yake, likiwa zima, likaingizwa gerejini kwa matunzo ya kawaida, likasafishwa, likafungwa, kisha likakataa kwenda. Utafanya nini?

NGUVU YATOKA WAPI?

Kwanza yatupasa kujua gari hili lapata wapi nguvu. Fungua kiti chake. Chini yake utaona betri zimepangwa, mara nyingi sita. Ndani ya betri hizi mna bamba za risasi, na bamba hizo zimezama ndani ya maji yenye asidi. Kila chumba kimoja cha betri chatoa volti 2 hivi. Kwa hiyo unaweza kujua volti za betri kwa kuhesabu vizibo vyake. Vizibo vitatu ni volti 6. Vizibo vinne ni volti 8. Vizibo sita ni volti 12.

Andika hesabu hii katika daftari lako:

Betri 6 za volti 8 ni volti 48.
Betri 6 za volti 6 ni volti 36.
Betri 4 za volti 12 ni volti 48.

Je, volti hizo zajumlishwaje? Kila betri ina vichwa viwili. Kimoja ni chanya, nacho kina alama ya kujumlisha. Cha pili ni hasi, nacho kina alama ya kutoa. Chanya cha betri ya kwanza hufungwa kwa waya mnene kwenye hasi cha betri ya pili. Chanya cha betri ya pili hufungwa kwenye hasi cha betri ya tatu, na vivyo hivyo mpaka mwisho. Umewaona watu wakizima moto kwa kupokezana ndoo? Kila mtu hupokea kwa mkono wa kushoto na kutoa kwa mkono wa kulia. Betri nazo hufanya hivyo. Mtu mmoja akiondoka katika mstari, ndoo hazifiki. Na mtu mmoja akigeuka akaanza kurudisha maji kisimani, je? Likumbuke swali hili, maana ndilo jambo letu la leo.

KIJANA NA BETRI SITA

Sasa sikilizeni habari ya kijana mmoja. Aliajiriwa hotelini kuosha magari haya, baadaye akapewa kazi ya kutunza betri. Kusoma alijifunza ukubwani, kama ninyi.

Siku moja jioni aliletewa gari la betri 6, kila moja volti 8. Hapakuwa na lalamiko lo lote juu yake. Ilikuwa zamu yake tu ya matunzo. Kijana akafungua kiti, akaona sinia la chuma linalobeba betri limeanza kuliwa na kutu. Akaona haifai kuliacha. Akafungua nyaya zote, akatoa betri moja moja. Kazi hiyo si nyepesi, maana kila betri ina uzito wa kilo 28 hivi au zaidi. Akasugua sinia, akaliosha, akalipaka rangi, likakauka. Kisha akarudisha betri, akafunga nyaya, akakaza nati.

Akageuza ufunguo, akakanyaga kikanyagio. Kimya. Gari halikutikisika.

Msimamizi wa kazi akaja. Akasema, "Betri zimekwisha hizo, kijana. Litie katika chaja mpaka asubuhi. Wageni wanakuja saa moja, na gari hili nalitaka."

Wanafunzi, tuwe wa haki. Msimamizi hakusema upuuzi. Gari la umeme lisipokwenda, mara nyingi kosa ni betri kuishiwa. Lakini kijana alikuwa na jambo moja moyoni. Akasema, "Bwana, gari hili limeingia hapa likienda. Mimi ndiye niliyeligusa. Nipe nusu saa nilitazame kwanza."

Hapo pana sheria ya kwanza ya somo letu. Iandikeni: Gari likiwa zima kabla ya kuguswa, na bovu baada ya kuguswa, tafuta kosa pale palipoguswa.

Si kwamba kosa haliwezi kuwa mahali pengine. Laweza. Waya mkuukuu huweza kukatika siku ile ile uliyooosha gari. Lakini anza pale mkono wako ulipopita, kwa sababu ndipo kosa linapopatikana mara nyingi, na kutafuta huko hakuna gharama.

HESABU ILIYOFICHUA KOSA

Kijana alichukua mita ya volti. Akapima betri ya kwanza: waya mwekundu wa mita juu ya chanya, waya mweusi juu ya hasi. Akaandika katika daftari: volti 8.4. Akapima ya pili: 8.4. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, zote 8.4. Basi hakuna betri iliyokwisha. Betri ya volti 8 ikiwa imejaa, nayo imetulia, husoma karibu 8.4 au 8.5.

Sasa akafanya hesabu. Mwalimu wa darasa, iandike ubaoni:

8.4 mara 6 ni 50.4.

Hivyo betri zote pamoja zapasa kusoma volti 50.4. Akaweka mita mwanzo na mwisho wa mstari, pale nyaya kubwa mbili zinapokwenda kwenye gari. Mita ikasoma 33.6.

Akashangaa. Kila betri ni nzima, lakini jumla si sawa. Kiasi gani kimepotea? 50.4 ukitoa 33.6 ni 16.8. Na 16.8 ni nini? Ni 8.4 mara mbili.

Tueni kalamu kidogo, tufikiri pamoja. Kama betri moja ingekuwa haina kitu kabisa, ingepotea 8.4 moja tu. Kwa nini zimepotea mbili? Kumbukeni wale watu wa ndoo. Mtu mmoja akigeuka, hasara si kwamba yeye hapeleki maji tu. Anarudisha pia maji ya mwenzake. Betri moja ikifungwa kinyume, volti zake hazijumlishwi, na tena zatolewa katika zile za wenzake. Betri tano ni 42. Toa 8.4 za betri ya sita iliyogeuka. Zabaki 33.6. Ndiyo hesabu ile ile aliyoiona katika mita.

Kijana akafuata waya kwa kidole, kuanzia betri ya kwanza. Chanya kwa hasi, sawa. Chanya kwa hasi, sawa. Alipofika betri ya nne akakuta chanya imefungwa kwa chanya. Betri ile ilirudishwa ikiwa imegeuka, mbele imekuwa nyuma. Naye wakati wa kufunga alitazama tu waya unafika wapi, hakutazama alama.

JE, KAMA ANGETII AMRI YA KUCHAJI?

Hili ndilo jambo la kuogopesha. Chaja nyingine zina akili. Zikipima zikaona volti zimepungua mno, hukataa kuwaka. Lakini si zote. Kama chaja ile ingewaka, ingesukuma umeme usiku kucha katika betri tano kwa njia yake, na katika ile ya nne kinyume. Betri ya nne ingenyonywa mpaka iishe, kisha ingelazimishwa kujazwa upande usio wake. Betri ya namna hiyo huharibika. Na zile tano nazo zingejazwa kupita kiasi, zikachemka na kutoa gesi nyingi. Asubuhi msimamizi asingekuwa na gari la wageni, na betri za kununua si bei ya kuku.

Kwa hiyo iandikeni sheria ya pili: Usitie gari katika chaja mpaka umejua kwa nini limekataa kwenda.

Kijana alifungua kwanza waya mkuu wa hasi, akageuza betri ya nne, akafunga nyaya upya huku akisoma alama kila kichwa. Kabla hajarudisha waya mkuu, akapima tena. Mita ikasoma 50.4. Akarudisha waya, na gari likaenda.

Akamwendea msimamizi akamwambia, "Bwana, gari ni zima. Kosa lilikuwa langu, nilirudisha betri moja kinyume." Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini kama angenyamaza, mwenzake wa zamu nyingine angefanya kosa lile lile mwezi unaofuata. Tangu siku hiyo katika gereji ile kila betri imeandikwa namba kwa rangi, na ukutani pana picha iliyochorwa kwa mkono ikionyesha chanya na hasi za betri zote sita.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Sasa tutoke kwa kijana yule, tuje kwako. Si kila gari lililogoma limefungwa betri kinyume. Utajuaje pa kuanzia? Anza kwa masikio.

Karibu na betri, katika magari mengi, pana swichi kubwa iitwayo solenoidi. Ukikanyaga kikanyagio, umeme mdogo huivuta, nayo hufunga njia ya umeme mkubwa uendao kwenye mota. Inapofunga hulia "tak!". Mlio huo mdogo ni mwalimu mkubwa. Inua kwanza magurudumu ya nyuma kwa jeki, uyaweke juu ya vigingi imara, uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo. Kisha geuza ufunguo, ukanyage polepole, usikilize.

Jambo la kwanza: Hakuna mlio. Maana yake umeme mdogo haufiki kwenye solenoidi, ama nguvu za betri zote hazifiki garini. Tazama kwa utaratibu huu:

1. Je, waya wa chaja bado umechomekwa? Magari mengi hayaendi yakiwa katika chaja, yasije yakaondoka na waya.

2. Je, swichi ya kuvutia gari iko mahali pake? Magari mengi yana swichi chini ya kiti yenye njia mbili, kuvuta na kuendesha. Fundi huiweka kwenye kuvuta kabla ya kugusa betri. Huo ni uangalifu mzuri. Lakini husahau kuirudisha. Watu wamefungua gari zima wakitafuta kosa, kumbe ni swichi hiyo.

3. Je, mkono wa kwenda mbele na nyuma umekaa sawa, au uko katikati?

4. Je, fyuzi ni nzima?

5. Je, pana waya mwembamba uliochomoka? Wakati wa kusugua na kuosha, mkono huvuta waya mwembamba bila mtu kujua. Tazama hasa zile nyaya nyembamba zilizofungwa pamoja na nyaya nene juu ya kichwa cha betri ya kwanza na ya mwisho.

6. Je, jumla ya volti ni sawa na hesabu yako?

Jambo la pili: Mlio upo, lakini gari haliendi. Umeme mdogo unafika. Sasa weka mita mwanzo na mwisho wa betri zote, umwambie mwenzako akanyage. Volti zikianguka ghafula, betri moja ni mbovu au waya mmoja umelegea. Volti zisipoanguka, huenda solenoidi yalia tu lakini midomo yake ya ndani imeungua, au kosa liko mbele zaidi, katika kontrola au mota. Hapo, kama hukufundishwa, mwite fundi wa umeme. Si aibu.

Jambo la tatu: Gari laenda, lakini ni dhaifu. Hapa wengi hudanganyika. Betri mbovu ikiwa imepumzika husoma volti nzuri, kama mzee aliyekaa kivulini. Mpe mzigo ndipo utajua. Basi pima kila betri wakati gari linapovuta mzigo. Ikiwa tano zasoma karibu 8, na moja yaanguka mpaka 6, ndiyo hiyo. Unaweza kuihakikisha kwa kile kipimo cha kioo chenye mpira, kinachonyonya maji ya betri. Chumba kilichojaa nguvu husoma kati ya 1.265 na 1.280. Chumba kimoja kikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, kina ugonjwa.

Ikiwa betri zote ni nzima na bado gari ni dhaifu, yafuate maungio ya nyaya. Ungio lililolegea au lenye ule unga wa kijani na nyeupe huzuia umeme, na panapozuiwa umeme hupata moto. Endesha gari kidogo, lizime, kisha usogeze kiganja karibu na kila ungio, usishike. Penye joto kuliko penzake ndipo penye kosa. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, kisha ukaze. Lakini usikaze kwa hasira, maana kichwa cha risasi ni laini, na ukikivunja umeleta gharama mpya.

MAMBO YANAYOUA

Sasa tafadhali sikilizeni kwa makini zaidi. Watu huogopa umeme wa ukutani, lakini betri huzidharau. Wasema, "Volti 48 haziui." Ndugu yangu, volti 48 huenda zisikuue kwa kukurusha. Lakini zina njia nyingine tatu za kukudhuru.

Ya kwanza ni moto wa chuma. Spana ikiangukia juu ya chanya na hasi kwa pamoja, umeme mwingi sana hupita ndani yake kwa mara moja. Spana hupata moto mwekundu, huweza hata kugandana na betri. Kama una pete ya dhahabu au saa ya chuma, nayo hufanya vivyo hivyo, ikiwa katika mwili wako. Basi vua pete, vua saa, vua bangili. Zungushia spana yako utepe wa umeme, uache mdomo wake tu. Fungua waya mkuu wa hasi kwanza, na uurudishe mwisho.

Ya pili ni gesi. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Huioni wala huinusi. Ikiwa sehemu 4 tu za hewa katika 100 ni gesi hiyo, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hiyo chaji gari mahali penye madirisha wazi. Usivute sigara hapo. Usiwashe kiberiti ili kutazama ndani ya betri. Na usifungue waya wa betri wakati chaja inawaka, maana pale unapofungua ndipo cheche hutoka.

Ya tatu ni asidi. Vaa miwani na mipira ya mikono. Asidi ikiingia jichoni, oga jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali upesi. Ikimwagika juu ya sinia, iue kwa soda ya kupikia iliyokorogwa katika maji. Nasema ile ya wapishi, si ile kali ya kutengenezea sabuni. Lakini funga vizibo kwanza. Soda ikiingia ndani ya betri yaiharibu.

Na kuhusu maji ya betri, hapa kusoma kwako kuna faida kubwa. Dukani chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi huweza kufanana kama mapacha. Zote nyeupe, zote za plastiki. Kitu kinachozitofautisha ni maandishi. Betri inayotumika huongezwa maji safi ya betri peke yake. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima yenye chumvi. Tena, jaza maji baada ya kuchaji, mpaka yafike kama milimita 3 chini ya shingo la tundu. Ukijaza kabla, maji hupanda wakati wa kuchaji na kumwagika na asidi yake, nayo ndiyo inayokula sinia. Ila ukikuta bamba ziko wazi kabla ya kuchaji, tia maji kidogo ya kuzifunika tu, uchaji, kisha ujaze.

Tahadhari moja zaidi. Magari mengine ya siku hizi yana betri za lithiamu. Hizo hazina vizibo wala hazitiwi maji, nazo zataka chaja yake maalumu. Soma maandishi yaliyo juu ya betri kabla hujafanya lo lote.

SILAHA YAKO NI KALAMU

Mwajua kwa nini nimechagua somo hili kwa darasa la kusoma na kuandika? Kwa sababu dawa ya kosa la kijana yule haikuwa spana, ilikuwa kalamu. Kama kabla ya kufungua waya wa kwanza angalichora miraba sita katika karatasi, akaandika alama za chanya na hasi, na kupiga mstari kila palipo na waya, asingalikosea. Wengine siku hizi hupiga picha kwa simu, na hiyo nayo ni njia nzuri. Lakini simu huishiwa na nguvu, tena hubebwa na mwenyewe akienda nyumbani. Karatasi iliyobandikwa ukutani hubaki, na kila mwenye zamu huisoma.

Basi kabla ya kufungua, andika mambo manne: gari namba gani, volti za kila betri, jumla ya volti, na picha ya nyaya. Baada ya kufunga, pima tena na uandike pembeni. Volti za leo zikitofautiana na za mwezi uliopita, daftari litakuonya kabla gari halijagoma. Na siku moja bwana mkubwa akiuliza, "Nani ameharibu betri hizi?", hutakuwa na haja ya kuapa. Utafungua daftari.

MASWALI YA DARASA

Sasa jibuni maswali haya kwa kuandika. Mwalimu wa darasa atayasahihisha.

1. Betri yenye vizibo vitatu ni ya volti ngapi?

2. Gari lina betri 6 za volti 6. Umepima kila moja ukapata 6.3. Jumla yapasa kuwa ngapi?

3. Katika gari hilo hilo, mita yasoma jumla ya 25.2. Ni volti ngapi zimepotea? Ni betri ngapi zimefungwa kinyume?

4. Kwa nini hufungui waya wa betri wakati chaja inawaka?

5. Umekanyaga kikanyagio, husikii mlio wo wote. Taja mambo matatu utakayoyatazama kwanza.

Kazi ya nyumbani ni hii. Tafuta kitu cho chote chenye betri zaidi ya moja, kama tochi au redio. Kabla hujazitoa, chora zilivyokaa na uandike alama zake. Kisha zitoe, zirudishe kwa kufuata mchoro wako, si kwa kukumbuka. Tochi ikiwaka, mchoro wako ni sawa.

Jibu la swali la tatu nitawapa sasa, maana najua wengine watalala nalo. Jumla sahihi ni 37.8. Toa 25.2, zabaki 12.6. Na 12.6 ni 6.3 mara mbili. Basi ni betri moja iliyogeuka. Ikiwa umepata jibu hilo peke yako, jua kwamba umefanya kazi ya fundi ukiwa umekaa darasani.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Fungeni madaftari, lakini msiyasahau nyumbani siku ya kazi. Kwaherini, na tuonane tena katika somo lijalo.